Poda Niliyoimwaga Juu ya B

Saint-Gilles, Bruseli, Jumamosi mchana, wewe ukiwa Matonge unasukwa nywele

Mama yangu Ngoie,

Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu mzazi, na mtu hampigii mama yake kelele. Ndivyo nilivyosema siku ulipozaliwa. Kisha nikakupigia kelele miaka yote. Bon. Leo sipigi. Leo naandika.

Usicheke mwandiko. Mkono huu ulisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, yaliyobaki ukajifunza kwenye Biblia, kanisani Katuba, kule Lubumbashi. Ndiyo maana Kiswahili changu cha karatasi kimevaa tai, na kile cha mdomoni kimevaa sandali. Ukikuta sandali humu ndani, pita tu.

Kesho asubuhi tunakwenda Zaventem, na uwanja wa ndege si mahali pa kusema neno la maana. Watu wanasukumana, mama yako atalia, mimi nitagombana na mtu wa kupima mizigo. Habari ya koti, ya pasipoti, ya kutovua viatu ndani ya ndege, mama yako ameshazimaliza. Hivi ninavyoandika amesimama juu ya mizani ya bafuni, amekumbatia valizi yako, anajitoa uzito wake kwa hesabu ya kichwa, na kila mara anapata jibu jingine kwa sababu hataki kukubali uzito wake. Namsikia anasema mizani imeharibika.

Mimi nina jambo moja tu. Ni lile neno ulilosema Jumapili mezani.

Tulikuwa tunakula bukari na samaki. Ulikuwa na zile karatasi alizokutumia shangazi yako Béatrice kutoka Iowa, kule Amerika, za kolegi yako mpya, ile ya miaka miwili ambayo mtu akiimaliza vizuri anavuka kwenda chuo kikuu. Nilikuomba unisomee namna watu wa kule wanavyotoa maksi, kwa sababu nataka kujua mtoto wangu anapimwa kwa mizani gani. Ukasema:

"Papa, kule hakuna points juu ya ishirini kama huku. Ni herufi. Na kila herufi inaweza kubeba plus ao moins."

"Inabeba namna gani?"

"A ni 4. A moins ni 3,7. B plus ni 3,3. B ni 3. B moins ni 2,7. Na kwa kuingia kwenye masomo ya infirmière, ya kuuguza bagonjwa, banaomba B. B moins haiingie."

"Na A plus?"

"A plus ni 4. Sawa na A."

Nikasimamisha tonge la bukari hewani. "Ngoja. Moins inatoa, lakini plus ya juu haiongeze kitu?"

"Ee, papa."

"Basi aliyetunga hiyo hesabu ni mwenye nyumba wetu! Ukichelewesha kodi anakutoza, ukiwahi kulipa hata bonjour hakupi."

Mama yako alicheka mpaka akashika meza. Na wewe ulicheka, lakini kidogo, kama mtu anayelipa deni la heshima. Ningenyamaza pale. Lakini unanijua, mimi nikichekesha watu huwa nataka na kuwafundisha.

Nikaanza habari ya atelier. Wewe umeisikia tangu unanyonya: jinsi nilivyoingia kwenye karakana ya kampuni ya shaba kufagia unga wa chuma, nikamaliza nimesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma, mimi niliyekuwa sijui kuandika jina la mashine yenyewe. Nikakuambia: chuma kikitoka na plus, hakuna neno, bado kuna nyama ya kukata. Kikitoka na moins, hata ya unywele, kimekufa. Chuma hakirudi. Unakitupa kwenye pipa na chef, mkubwa wa kazi, anakutazama. Nikapiga meza. "Donc, mama, moins uikimbie. Moins haina dawa!"

Ukakunja karatasi zako taratibu sana.

"Papa, mi siko chuma. Muntu akipunguka anaweza kuongezeka. Lakini aksanti, sasa nimejua. Siku nitapata B moins, sitakuambia."

Ukainuka, ukaanza kuosha sahani sisi tukiwa bado tunakula. Mama yako akanitazama. "Umeshiba sasa?" akaniuliza, na hakuwa anauliza habari ya bukari.

Mimi si mtu wa kukosa usingizi kwa neno la mtoto. Nimelala kwenye mabehewa ya mizigo, nimelala wima kwenye metro ya asubuhi kwenda kazini Schuman na kamwe sikupitiliza kituo. Lakini neno lile limenikaa kama mfupa wa samaki. Na najua lilikotoka. Halikutoka Iowa. Lilitoka katika sebule hii hii, mwezi wa sita, ulipokuwa na miaka kumi na sita.

Siku ile ulirudi kutoka shule na bahasha. Nilikuwa nimetoka kazini, viatu bado mguuni. Nikaifungua mwenyewe. Kifaransa cha pale sikukielewa chote, kilikuwa cha watu wa ofisi, lakini katikati niliona herufi moja kubwa imesimama peke yake: B. Nikasema moyoni, baada ya A inakuja B. Mtoto wangu ni wa pili kutoka juu! Katika nchi ya wazungu!

Ukasema, "Papa, attends kwanza..."

Sikungoja. Lini mimi nilingoja? Nilikuwa nimeshashika simu.

Wewe ulizaliwa huku, kwa hiyo nikukumbushe tena kule kwetu mambo yanavyokwenda. Mwaka wa shule ukiisha kuna proclamation. Wazazi wote wanasimama uwanjani, directeur anasoma majina kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mmoja na asilimia zake. Aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani, anatembea mtaani mweupe kama mkate mbichi, na kila anayepita anajua: huyu amefaulu. Huku Bruseli wanakupa bahasha, unakwenda nayo kwenye tramu kimya kimya kama mwizi. Niliona ni aibu. Nikasema, proclamation tutaifanya wenyewe.

Jumamosi ile walijaa. Watu wa kanisa, watu wa Katanga wote niliokuwa na namba zao, mdogo wangu Fidèle na watoto wake, hata jirani wa chini, yule mama wa Kihispania, alipanda kuuliza kama kuna harusi. Nilisimama juu ya kiti. Nikasoma jina lako lote, jina la bibi yako na la ukoo, nikasema "B!" kama mtu anayetangaza mfalme, nikakumwagia kopo zima la poda ya watoto. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaanza wimbo.

Wewe ulikuwa umekaa pale karibu na radiator, mikono juu ya magoti. Mweupe mpaka kope. Hukupangusa. Nilifikiri umezidiwa na furaha.

Fidèle ndiye aliyenivuta. "Kaka mukubwa, kuja kidogo ku cuisine."

Nikaenda jikoni, nikiwa bado na kopo mkononi.

"Ile B, unajua maana yake?"

"Njo ya pili, nyuma ya A."

"Apana, kaka. Huku A ni mutoto anapanda. C ni anarudia mwaka. B ni anapanda lakini wamemufungia njia. Haendelee na générale, ile ya kufika université, banamutuma technique, ya kujifunza kazi ya mikono. Akitaka kubakia kwake, arudie mwaka."

"Nani amekuambia?"

"Mutoto wangu alipata ile ile mwaka jana."

"Sasa ju ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba."

Mama, mtu mwingine angetoka pale, angepanda tena juu ya kiti, angesema: jamani, nimekosea, tule tu. Ingechukua dakika moja. Mimi nilitoka nikaimba zaidi. Niliimba mpaka sauti ikakatika, na watu waliporudi kwao walisema Papa Ngoie anapenda mtoto wake.

Kesho yake ulinijia hapa hapa, nywele umeshaziosha lakini nyuma ya sikio poda bado. Ukasema unataka kurudia mwaka. Mwaka mmoja tu, ubaki générale, kwa sababu ulitaka kuwa infirmière na ile ndiyo njia iliyonyooka.

"Kurudia? Na poda yote ile? Watu nitawaambia nini?"

"Utawaambia ulikosea."

"Mimi?"

Ukanitazama. Mwezi wa tisa ukaenda technique.

Sitasema ulipotea, kwa sababu hukupotea, na ukisoma kwamba ulipotea utanikasirikia, na utakuwa na haki. Ulitoka pale na kazi mkononi. Wazee wa ile nyumba ya kutunzia wazee, Auderghem, unaowaogesha na kuwalisha wanakuita kwa jina kuliko wanavyoita watoto wao wenyewe. Niliona kwa macho yangu siku nilipokuja kukuchukua: yule mzee mrefu, aliyekuwa jaji, anakataa supu mpaka uje wewe. Nimewasimulia watu wengi habari ya huyo jaji. Lakini ulikuwa unakwenda mahali, na mimi nilikuzungusha msitu mzima wa Soignes ili nisishuke kwenye kiti. Zile karatasi za Iowa ni mlango wa nyuma wa nyumba uliyotaka kuingia kwa mbele. Aliyefunga mlango wa mbele si ile B. B ilikuachia nafasi ya kurudia.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata mama yako anakijua nusu tu.

Nilisema nilisoma mpaka mwaka wa tatu. Watu huwa nawaambia baba yangu alikosa pesa. Si kweli. Mwisho wa mwaka ule nilikwenda kwenye proclamation na shati limepigwa pasi. Mama yangu alikuwa sokoni, hakuweza kuacha unga wake, lakini asubuhi ile alikuwa ameshanunua poda, kopo dogo lenye picha ya ua, akaliweka dirishani. Directeur akasoma. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Nilikuwa sina wasiwasi, mimi sikutarajia kuwa wa kwanza. Akashuka, akashuka. Kule kwetu aliyeanguka hasomwi, jina lake linabaki tu ndani ya karatasi. Directeur akakunja karatasi yake, akavua miwani, na mimi bado nimesimama nimeinua kidole, tayari kusema "présent".

Nikarudi nyumbani. Nikamwambia mama kwamba directeur ana malaria, proclamation imesogezwa. Akaamini. Kwa nini asiamini? Akaendelea kuuza unga, na kila mteja akawa anamwambia: wangu ni Jumatatu ao Jumanne, directeur akipona. Mpaka mwanamke mmoja wa meza ya jirani akasema mbele ya soko zima, "Ngoie, directeur yupi anaumwa? Watoto walisomwa. Wako hakuitwa."

Alirudi jioni na beseni lake. Nilijua atanipiga, nikajiweka tayari. Hakunipiga. Alikaa, akafungua kitambaa cha kichwa, akasema:

"Kama ungeniambia, ningejua namna ya kusimama kule sokoni."

Basi. Ile poda ikaishia kwenye matako ya Fidèle, aliyekuwa mtoto mchanga, na kila mara ninapomwona Fidèle anajidai kujua mambo ya shule nakumbuka ilikokwenda poda yangu. Na shule sikurudi. Ningeweza, wenzangu walioanguka walirudi. Nilisema shule imenikosa, siyo mimi nimeikosa, nikaenda kusukuma mikokoteni. Wakati huo nilidhani huo ni uanaume.

Kwa hiyo siku niliyosimama kwenye kiti, hukuwa wewe tu niliyekuwa namsomea jina. Nimeielewa hiyo wiki hii, tangu Jumapili, nikiwa na umri huu. Unaona hata papa yako anaweza kuongezeka.

Na neno lako hilo, la mtu na chuma, nililipinga moyoni siku nzima. Nikatafuta mfano wa kukushinda. Badala yake nikakuta mifano inayonishinda mimi. Nilipoanza kusafisha ofisi pale Schuman, chef alinisimamisha mbele ya wenzangu akaninyooshea vioo vya mlango mkubwa: michirizi tupu. Alisema nisipojirekebisha atanirudisha kwenye vyoo vya ghala. Ile ilikuwa moins, mama, na moins mbele za watu. Kisha ni nani aliyekuja kuitwa kufundisha wapya kufuta vioo, wanaume kwa wanawake, wa lugha zote? Mimi! Hiyo umeisikia mara mia. Ya michirizi hujaisikia hata mara moja, kwa sababu napenda kusimulia kuanzia pale nilipokuwa nimeshashinda. Nimewalea hivyo, wewe na ndugu zako, mkadhani papa yenu alitoka tumboni na kitambaa kikavu mkononi.

Hata nchi hii. Juzi juzi tu ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila serikali, na tramu ya 81 ikapita kwa saa yake, au tuseme ikachelewa kama kawaida. Hiyo nayo ni C moins, na bado tuko hapa tunapanga foleni kwenye ofisi ya commune.

Sasa sikiliza ombi langu. Sikuombi usipate moins. Utazipata. Masomo yatakuwa kwa Kiingereza, usiku utafanya kazi, na baridi ya Iowa shangazi yako anasema inauma kuliko ya hapa. Kuna siku utakosa ile B ya kuingilia kwa alama moja ndogo ya kutoa, fimbo fupi iliyolala kando ya herufi, na utataka kuninyamazia. Usininyamazie mimi.

Maana unaujua mdomo wangu. Kesho tukitoka Zaventem, kabla ya jua kuzama soko lote la Midi litajua kwamba Ngoie wangu yuko Amerika. Wauza mizeituni watajua, na Wamoroko wa kuku watajua. Kanisani nitasimama wakati wa matangazo hata kama padri hajaniita. Kuniambia niache kujisifu ni kuiambia mvua ya Bruseli ipumzike. Mwaka mzima watu wataniuliza: "Papa Ngoie, mutoto wa Amerika anaendelea?" Na mimi nitajibu. Usiponiambia ukweli nitajibu tu, nitapanda tena juu ya kiti na kopo mkononi, na wewe utakuwa kule, mbali, mweupe mpaka kope, umenyamaza. Sitaki tena hiyo. Niambie, nijue namna ya kusimama.

Kama itakubidi kurudia somo, rudia. Chukua mwaka, chukua miwili. Ukinikumbuka nilivyosema "Mimi?", cheka, kisha urudie.

Leo asubuhi nilishuka dukani nikanunua poda. Ya watoto, kopo kubwa. Mama yako aliponiona nayo alitoka bafuni mbio. "Weye muzee! Mutoto anasukwa leo siku nzima, ukigusa ile kichwa kesho, nitakuacha Zaventem pamoja na valizi!" Nikamwambia atulie, si ya kesho. Wala si ya kichwa chako. Nimeiweka juu ya kabati la televisheni, karibu na picha yako ya komunyo ya kwanza, na hakuna mtu wa kuigusa.

Siku utakayopata B moins, au C, au C moins, nunua kadi ya simu, nipigie. Usinisalimie sana. Sema herufi, kisha sema alama yake. Mimi nitalichukua hilo kopo nijimwagie mwenyewe. Nywele zangu zimeshakuwa nyeupe, labda haitaonekana vizuri, nitaweka na mabegani. Kisha nitashika kofia mkononi, nitashuka ngazi, nitapita kwa yule mama wa Kihispania, nitatembea hivyo hivyo mpaka soko la Midi. Watu watasimama. Watasema, "Papa Ngoie! Mutoto amefaulu?"

Nitawaambia: "Amepata B moins. Ameniambia mwenyewe."

Papa yako